Sketi ya Drili

Tororo,
8 Februari 1965

Kwa mdogo wangu Nasirumbi,

Nakusalimu kwa mkono wa Phanuel, maana barua hii nimempa akiwa ameshawasha basi na abiria wanamtukana. Ikikufikia na mafuta ya gari, mlaumu yeye. Hujambo huko Busia? Kifua chako je, kile cha moshi wa hoteli? Sisi huku tunapumua. Mgongo wangu umezidi kupinda kwa ajili ya cherehani, na wifi yako Edah anasema siku nikifa itabidi wanizike nimekaa.

Binti yako Taaka hajambo kabisa. Anakua kwa fujo. Gauni la shule nililomshonea Krismasi sasa linaonyesha magoti, na Bwana Jivanji, ambaye nashonea barazani pa duka lake, huniuliza kila asubuhi kama kitambaa kilipungua au fundi alipungua akili.

Sasa nina jambo, na nataka ukae kwanza. Shuleni kwa Taaka amekuja mwalimu mpya, Mwalimu Okware, kijana ametoka chuoni Kampala juzi tu, shati jeupe, filimbi shingoni. Alituita wazazi. Alisema watoto wa Uhuru hawafai kutoka darasani na kwenda kuzurura stesheni, kwa hiyo kila Ijumaa mchana kila mtoto atakuwa na mchezo wake. Maneno mazuri, tukapiga makofi. Halafu akasema kila kabila limepewa kipawa chake, na kila mtoto atakuja na kipawa cha kwao ili taifa lijengeke. Wahindi, kriketi. Wagoa, fidla. Wapadhola, ngoma. Wateso, mbio. Wajaluo, mpira. Akafika kwetu, akatabasamu kama mtu aliyeacha kipande kizuri cha nyama mwisho. Wasamia, akasema, ni watu wa ziwa, na klabu ya Wazungu imekubali kutoa bwawa lake la kuogelea kila Ijumaa.

Wazazi wote waligeuka kunitazama kwa heshima. Mimi, Nasirumbi. Mimi ambaye nikivuka kijito navua viatu na kuungama dhambi zangu. Nikatikisa kichwa polepole kukubali, kama babu wa samaki wote.

Najua umeshaanza kutetemeka. Tangu ziwa limchukue Chrispinus hujataka hata kusikia mtu akitaja mtumbwi. Lakini marehemu shemeji alikuwa samaki kweli, na dhoruba ile ya Sio Port ingemshinda hata kiboko. Hili ni bwawa la saruji, maji yake yamekaa kama chai kwenye sinia. Na damu ya Chrispinus imo ndani ya mtoto. Nimemwambia mwalimu nitamjibu nikipata neno lako. Usichelewe.

Ni mimi kaka yako,
Elphas Egesa


Busia,
14 Februari 1965

Kaka Elphas,

Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama, sikukaa kama ulivyosema, na chai ya watu ikachemka ikamwagika. Mimi mzima. Kifua kinakohoa lakini kinauza. Habari za mgongo wako na za Edah nitakuuliza chini. Kwanza niambie: mtoto ameshaingia kwenye hayo maji? Kama hajaingia, asiingie.

Unaniandikia kwamba yametulia. Hata ziwa lilikuwa limetulia asubuhi ile, Chrispinus akaniambia nimwekee viazi atarudi kula. Sikupata hata mwili wa kuzika. Tulizika mgomba, kaka, wewe mwenyewe ulishika jembe. Mtu aliyeona mgomba ukifunikwa blanketi na kushushwa kaburini haambiwi habari za chai kwenye sinia.

Nilihama Sio Port nikaja kukaa hapa barabarani penye vumbi tupu, ili maji pekee ninayoyaona yawe ya kwenye sufuria. Na wewe ndiye niliyekuachia mtoto kwa sababu Tororo ina mwamba na reli, haina ziwa. Sasa wameenda kumchimbia.

Tena kuna maneno. Norah, yule wa vitumbua, alikuja hotelini akiwa na shemeji yake aliyewahi kufanya kazi ya bustani kwenye klabu kama hiyo, nadhani Jinja. Akasema ni shimo, limepangwa vigae vyeupe, lina tundu chini la kutolea maji, na usiku linafunikwa. Norah akasema basi ndilo hilo, ndimo wazimamoto wanamoweka watu wanaowanyonya damu, nani asiyejua. Nilimcheka mbele ya wateja. Alipoondoka nikafunga hoteli jua likiwa bado juu, nikakaa ndani.

Siamini. Lakini usimpeleke. Mpeleke kwenye ngoma, kwenye fidla, hata mpira na wavulana, nitavumilia. Awe mahali ambapo akianguka anaanguka kwenye udongo.

Mgongo pole. Msalimie wifi.

Dada yako,
Nasirumbi


Tororo,
22 Februari 1965

Mdogo wangu,

Amani iwe nawe na hotelini mwako, na Norah apunguziwe masikio. Sisi tu wazima, isipokuwa mimi nimetembea wiki nzima kwa ajili ya binti yako hadi kiatu kimefumbua mdomo.

Nilikwenda kwanza kwenye ngoma. Mzee Osire ndiye anayewafundisha. Aliniketisha vizuri, akanipa karanga, halafu akaniambia ngoma yao ndefu, ambayo mpigaji huikalia, haikaliwi na msichana, na wasichana wanaoimba ni wale walionyonya mdundo huo kwa mama zao. Akamwonea Taaka huruma, akamshika kichwa. Akasema, mwanangu, kwenu ni ziwani.

Nikaenda kwenye fidla. Mwalimu ni mzee wa Kigoa, mpole, mwenye tai. Akavitazama vidole vya Taaka kama mtu anayechagua bamia sokoni, akasema ni vidole vya watu wa kuparua magamba. Wewe unajua Taaka hajawahi kuparua kitu chochote isipokuwa viazi vitamu, na hivyo pia kwa kusukumwa.

Kwenye mbio alikimbia vizuri, ila nyuma ya watu wote. Watoto wa Kiteso wakamwambia samaki hana miguu. Kwenye kriketi hawakumfukuza, hao ni watoto wenye adabu. Walimweka mbali kabisa karibu na ua, awaokotee mpira. Mpira haukufika huko jioni nzima. Alikuwa amesimama peke yake kwenye majani kama kigingi cha kufungia mbuzi.

Njiani kurudi nilijaribu kumchekesha, nikashindwa, na unajua mimi nikishindwa kuchekesha ni hali mbaya. Mbele ya stesheni alisimama akaniambia:

"Mjomba, kote wananirudisha majini. Acha niende basi."

Nikamuuliza kama haogopi. Akasema anaogopa, lakini akikataa na hayo watasema ni Msamia asiyefaa kitu. Ana rafiki mmoja, Apendi, mtoto wa Kipadhola wa Mulanda, ambaye aliwekwa kwenye ngoma na akaomba maji kwa ukaidi wake mwenyewe hadi Mwalimu Okware akachoka. Taaka anataka kuwa naye.

Na mimi naogopa, Nasirumbi. Nilikwenda kulichungulia bwawa kupitia ua wa miiba. Ni zuri, la buluu. Nilirudi nyuma hatua mbili nikiwa nchi kavu. Lina pande mbili: huku mtu mzima anasimama maji yakimfika kifuani, na kule kwenye ubao wa kurukia sikuona chini. Wazimamoto sikuwaona. Nilimwona mzee mmoja akitoa majani kwa wavu, na alikuwa na damu yake yote.

Sema neno moja. Ukisema hapana, nitasimama na hapana yako.

Kaka yako,
Elphas


Busia,
3 Machi 1965

Kaka,

Salamu. Sijaumwa, sijalala vizuri, ndiyo hali yangu. Phanuel amenywa chai vikombe viwili akingoja nimalize barua hii, na nimeianza mara nyingi.

Nimefikiri habari ya kigingi cha mbuzi. Hiyo ndiyo imenishinda. Aende.

Lakini sikiliza masharti yangu, na usiyageuze mzaha. La kwanza, asipite pale miguu yake inapogusa chini. Mwambie mwalimu kwa mdomo wako, si kwa kutikisa kichwa. La pili, Norah anasema wasichana wa mchezo huo huvaa kitu kidogo kama soksi. Binti yangu hataanikwa mbele ya Wazungu na Wahindi kama dagaa. Nakutumia kwenye kifurushi hiki suti ya Chrispinus ya kanisani, ile ya drili ya kijivu. Ni kitambaa kizito, hakionyeshi mwili hata kikilowa. Mshonee nguo ya kuogelea kwa hiyo, yenye mikono, na sketi ishuke chini ya magoti. Weka na bitana.

Nilikuwa nimeiweka suti hiyo tangu tulipozika mgomba. Watu walisema niizike pamoja nao, nikakataa. Sasa nataka imshike mtoto. Kama lazima aingie majini, aingie ameshikwa na baba yake.

Na ushone mara mbili, kaka. Nakujua wewe na mishono yako. Gauni langu la harusi lilifumuka kwapani kabla ya nyimbo kuisha. Kila mshono, mara mbili.

Siku atakapoingia uniambie mapema, nijue nitaomba saa ngapi.

Dada yako,
Nasirumbi


Tororo,
10 Machi 1965

Mdogo wangu mpendwa,

Natumaini barua hii inakukuta ukiwa na afya, na kama hunayo basi ikupe, maana kazi imekwisha. Taaka anaingia majini Ijumaa hii, saa nane mchana. Omba kuanzia saa saba ili uwahi foleni.

Nimeshona suti za makarani, kanzu za mapadri, na turubai la lori, lakini kitu hiki kilinitoa jasho. Nguo yenyewe sikuwa nimewahi kuiona. Bwana Jivanji alinitafutia picha kwenye gazeti la Kizungu lililofungiwa vikombe. Nilipofika nayo nyumbani Edah aliitazama mara moja, akaifunika kwa sahani. Kwa hiyo nimebuni. Juu ni kama blauzi, ina mikono hadi kwenye kiwiko. Chini ni sketi ya marinda, inashuka chini ya goti kwa upana wa kiganja, ndani ina bitana. Taaka alipoijaribu alisema anafanana na mtawa. Nikamwambia hakuna mtawa aliyewahi kupata kitambaa kizuri namna hii. Akainusa mkono, akauliza kama ni kweli ilikuwa ya baba. Nikasema ndiyo. Alikataa kuivua hadi wakati wa kula.

Nimeshona mara mbili kama ulivyoagiza: mabega, ubavu, pindo. Kasoro ni moja tu, na nakuambia mwenyewe kabla Edah hajakupelekea habari. Kiunoni, pale sketi inapokutana na blauzi, uzi mzito umeniishia, na Bwana Jivanji anangoja mzigo kutoka Kampala. Kwa sasa nimepiga bandi tu kwa mkono, ule mshono wa kushikiza. Uzi ukija nitaishona vizuri wiki ijayo. Usikasirike. Haionekani kwa nje, na hakuna upepo mle majini wa kuifumua.

Mwalimu Okware sijamwona bado, anakuja na kutoka na baiskeli yake. Nitamwambia Ijumaa hapohapo bwawani, kwa mdomo, sharti lako la miguu kugusa chini. Bwana Jivanji amenipa ruhusa ya kufunga cherehani mchana huo. Nitasimama penye ua na kukuangalizia.

Kaka yako na fundi wako,
Elphas


Tororo,
13 Machi 1965

Nasirumbi,

Taaka yuko hai. Nimeiandika mbele ya salamu ili usiitafute. Yuko hai, amelala kitandani kwetu na Edah, amekunywa uji, na asubuhi hii ameomba chumvi iongezwe. Sasa pumua, halafu usome.

Nilifika bwawani mapema, nikasimama nje ya ua. Nilikuwa na futikamba yangu shingoni, nilisahau kuivua. Watoto walikuja wawili wawili. Wenzake walipoiona nguo walicheka, lakini si sana, kwa sababu Apendi aliwatazama. Mwalimu Okware akapuliza filimbi, akawapanga. Watoto wa Kihindi waliochoshwa na kriketi, wale wa Kiteso wawili waliotoroka mbio, na Apendi, akawaweka upande ule wa kifuani. Akasema hawa hawajui maji, wataanza kwa kushika ukingo. Taaka akamshika bega akampeleka peke yake upande wa pili, penye ubao.

"Wewe ni wa ziwani," akamwambia, "waonyeshe wenzako."

Nilikuwa nimekuahidi. Mdomo wangu ulifunguka, Nasirumbi. Kilichotoka ni "Mwalimu, samahani," kwa sauti ile ninayomwombea Bwana Jivanji ruhusa ya kwenda msalani, na hakuna aliyesikia. Taaka alinitazama kupitia miiba. Akawatazama wenzake. Nadhani kama angalau mtoto mmoja angekuwa amecheka asingeruka, lakini wote walikuwa wamenyamaza wakingoja kuona. Akaruka.

Sketi ilijaa hewa kama kengele, ikamshika juu kidogo. Watoto wakapiga makofi. Halafu drili ikaanza kunywa. Niliiona ikibadilika rangi kutoka pindoni kwenda juu, na bitana ikanywa pia, na akaenda chini amesimama wima, bila kelele.

Mwalimu alikuwa anatabasamu. Aliwageukia wale wengine akawaambia, mnaona, Wasamia wana pumzi.

Nilipita kwenye ua sijui wapi, mikono yangu leo imejaa miiba. Nikafika ukingoni nikasimama. Mimi pia siwezi, wewe unajua. Nilikuwa naona nywele zake chini kule, na kitu cha kijivu kikizunguka. Nikavua futikamba shingoni nikamtupia ncha moja. Ilielea juu ya maji. Nimeshika futikamba ya kitambaa, nikimvua mtoto wa dada yangu kama samaki, na siwezi hata kupiga kelele. Hicho ndicho kaka yako alichofanya.

Apendi ndiye aliyesema. Alikuwa ametoka upande wake na kukimbia kuzunguka.

"Mwalimu, hajui," akasema. "Aliniambia mimi. Hajui kuogelea."

Hapo Mwalimu akageuka, uso ukamkauka. Lakini kabla hajaruka maji yalipasuka na Taaka akatokea, kichwa na mikono, amevaa blauzi na chupi tu. Apendi alilala kifudifudi pale ukingoni akamshika kifundo cha mkono, na Mwalimu akaingia na viatu vyake na saa yake akamsukuma kutoka chini. Akatapika maji mengi. Akalia. Nikakaa chini kwenye saruji.

Sketi ilibaki chini kabisa. Bandi ilikatika kiunoni pote, alivyokuwa anapiga miguu. Ningekuwa nimeishona mara mbili, sitaki kumaliza sentensi hii.

Yule mzee wa wavu ndiye aliyeiopoa kwa ndoano. Ilikuwa nzito hata yeye akasaidiwa. Nimeianika uani kwetu. Haijakauka.

Niandikie, hata kama ni matusi.

Kaka yako


Tororo,
27 Machi 1965

Mdogo wangu Nasirumbi,

Nakusalimu tena ingawa salamu ya kwanza haikurudi. Phanuel anasema barua alikupa mkononi, ukaisoma mbele yake, ukaingia ndani na hukutoka. Anasema safari zote za baadaye amekuta hoteli imefungwa, na kwamba Norah anauza vitumbua mlangoni pako na hataki kusema uko wapi. Unaumwa? Kama ni hasira, ninaielewa hasira hiyo, nimeiandalia chumba hapa. Kama ni ugonjwa, niambie nije.

Edah ameniambia nisiandike mzaha. Nilikuwa na mmoja lakini nimeukata.

Taaka amepona maji lakini hajapona woga. Akioga anaoga kwa kikombe. Mwalimu Okware amekuja nyumbani mara kadhaa, amekaa barazani na kofia mkononi, analaumu ujana wake. Ameondoa ule mpango wa makabila. Kila mtoto sasa achague mwenyewe. Yule mzee wa Kigoa naye ametuma habari kwamba nafasi ya fidla ipo kama Taaka anaitaka. Mzee Osire ameleta karanga.

Nilimuuliza Taaka anataka nini. Alikuwa ananivutia uzi kwenye kibobini cha cherehani. Kisha akasema angerudi bwawani, lakini upande wa Apendi, ashike ukingo kama wale wengine. Akasema lakini si bila mama kukubali.

Sijamjibu. Sina ruhusa ya kujibu. Ukisema nimrudishe kwako, Phanuel atamleta na sanduku lake. Na sketi nifanye nini nayo? Imekauka sasa. Nimeikunja, sijaigusa tena kwa mkasi.

Tafadhali.

Kaka yako,
Elphas


Busia,
4 Aprili 1965

Kaka yangu Elphas,

Nilikuwa Sio Port. Usiogope, nimerudi, nimewasha moto, kifua kinakohoa kama zamani. Nilikwenda kwenye kaburi la mgomba na nikakaa kwa mama mkwe wangu. Niwie radhi kwa kukuacha na kimya changu. Norah nilimwambia asiseme, na ni mara ya kwanza maishani mwake ametii.

Sikukukasirikia. Niliposoma barua yako nilivumilia hadi pale mwalimu aliposema Wasamia wana pumzi. Hapo nikaiweka chini. Nitakuambia sababu, na hii sijamwambia mtu.

Chrispinus hakujua kuogelea.

Alizaliwa Sio Port, kweli, lakini alilelewa milimani kwa bibi yake, kwenye mbuzi. Alirudi ziwani akiwa na ndevu tayari. Mwanamume mzima wa Sio Port angemwambia nani? Watu walimwita samaki, akacheka nao. Mimi nilijua kwa sababu ni mke wake. Usiku wa kuamkia safari zake nilikuwa namsikia anavyopumua.

Siku ile mtumbwi ulipopinduka walikuwamo wageni wawili, wafanyabiashara wa kutoka bara, walikuwa wanapiga kelele. Wenzake walikuja kunieleza. Walisema, shemeji, tulimwona Chrispinus akienda chini tukajua anapiga mbizi, tukawashika wale wageni kwanza, yeye tulijua atafika. Waliniambia hivyo kama sifa. Na tulipozika mgomba wazee walisimama mmoja mmoja wakamsifu kwamba alikuwa samaki, nawe pia ulisema, na mimi nikainamisha kichwa nisimwaibishe mume wangu mbele ya kaburi lake.

Kwa hiyo nilipokukataza sikuwa naogopa maji peke yake. Nilikuwa naogopa watu waliosimama juu wanaotabasamu. Ningekuambia mapema. Nilidhani nikimvisha nguo nzito ya baba yake inatosha.

Sketi mpe Phanuel. Nimeshaongea na mama mkwe, tutaizika pale kwenye mgomba, mahali ilipotakiwa kuwa tangu mwanzo. Blauzi abaki nayo Taaka.

Mwambie mama amekubali. Upande wa Apendi, ashike ukingo hadi yeye mwenyewe aseme ameuacha. Na huyo Apendi nitamletea kuku.

Ijumaa hii nafunga hoteli nakuja na basi la asubuhi. Nataka kusimama ukingoni mbele ya Mwalimu Okware na watoto wote nimwambie kwa sauti kwamba mtoto huyu ni Msamia na hajui kuogelea, na mama yake hajui, na baba yake hakujua. Wewe utasimama karibu yangu, na utasema kwamba nawe hujui. Hutatikisa kichwa. Tutasema wote wawili, halafu tutakaa kwenye majani tuangalie, na nadhani nitakushika mkono kwa nguvu, kwa hiyo toa miiba kwanza.

Nimeagiza kitambaa kwa Phanuel, poplini nyepesi, ataileta pamoja na barua hii. Mshonee nyingine kabla ya Ijumaa. Fupi, kama ile ya kwenye gazeti. Edah asiifunike kwa sahani.

Na usiishone mara mbili.

Dada yako,
Nasirumbi